Tupeane uzoefu: siku chombo cha baba kilipochelewa kurudi

Mtoto wa Kipumbwi
Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Jana asubuhi nilikuwa Soko la Feri, Dar es Salaam, nikitafuta nguru wa shughuli ya nyumbani, nikamwona mama mmoja mtu mzima amesimama pembeni ya mnada, amejifunga kanga kiunoni, hatazami samaki wala bei. Macho yake yalikuwa baharini tu. Nilisahau kilichonileta, kwa maana ndivyo mama yangu alivyokuwa akisimama pale Kipumbwi, Pangani, kila ngarawa ya baba ilipopitisha wakati wake. Alikuwa hasemi neno. Sisi watoto tulijua kwamba saa hiyo hakuna kuomba chai wala pesa ya daftari.

Naomba tuliolelewa kwa pesa ya samaki tusimuliane siku hiyo ilivyokuwa kwenu.

Mkaanga Samaki
Umenigusa pabaya. Kwetu mama alikuwa akipanga kuni za kukaangia, kisha akizipangua na kuzipanga upya, hadi tanga lionekane.

Binti Kojani
Nimesoma nikajikuta natetemeka, kwa hiyo naomba mnivumilie nikiandika kwa urefu.

Sisi ni watu wa Kojani, Pemba, na anayeijua Kojani anajua kwamba wanaume wetu huenda dago: wanahama na vyombo vyao kufuata samaki, wakapiga kambi Tanga, Mafia au pwani ya Kenya, wakarudi baada ya wiki au miezi. Mwaka 1994 baba na ami yangu, mdogo wake, walikuwa dago upande wa Tanga, na wakapanga kurudi kabla ya kusi, ule upepo wa kutoka kusini, kukaza. Taarifa ilitufikia kwa watu wa chombo kingine walioondoka nao alfajiri moja. Walisema kwamba katikati ya mkondo wa Pemba, pale penye kina ambacho nanga haifiki chini, upepo uligeuka ghafla na wakapotezana. Wao walifika. Baba na wenzake hawakufika.

Siku hizo simu za mkononi hazikuwepo kijijini. Siku ya kwanza watu walisema labda wamejificha nyuma ya kisiwa. Siku ya tatu wanaume waliotoka kutafuta walirudi na ubao mmoja na kibuyu cha maji. Siku ya tano majirani walianza kuja na mikeka, wakataka isomwe hitima na mama aingizwe eda. Bibi yangu, mama yake baba, alisimama mlangoni akakataa. Alisema hajaona maiti, na asiyeona maiti hamvishi mtu ujane. Mashekhe walivutana pale pale uani kuhusu hukumu ya mtu aliyepotea, na mama yangu akiwa ndani anawasikia.

Kila usiku mama alipakua chakula cha baba na kukifunika kwa kawa. Asubuhi alikimwaga. Sisi tulikuwa na njaa ya kweli, maana mfanyabiashara aliyekuwa akitukopesha unga alikwishafunga daftari, lakini hatukuthubutu kukigusa chakula kile. Wiki ile mama alikwenda kuchokoa pweza maji yalipokupwa, akauza, akanunua mchele, na sehemu ya kwanza ya mchele huo ikaenda chini ya kawa.

Siku ya tisa baba alirudi akiwa hai. Mkondo wa bahari hukimbilia kaskazini na wakati wa kusi huzidi nguvu, kwa hiyo chombo kilichojaa maji kiliwachukua wakikishikilia hadi upande wa Shimoni, Kenya, ambako wavuvi wa huko waliwaokota. Walikuwa sita walipoondoka. Waliookotwa ni wanne. Ami yangu aliachia mikono usiku wa pili, na baba alikuwa amemshika.

Kijana wa Chwaka
Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun. Sina la kuongeza.

Mzawa wa Deep Sea
Dada, pole sana. Nina swali moja: mwenye chombo alifanya nini?

Binti Kojani
Alikuja siku ya tatu baada ya baba kurudi. Alitoa pole, akanywa maji, kisha akauliza kuhusu majarife, nyavu zake kubwa. Baba alilipa thamani ya nyavu zile kwa misimu miwili, kwa kukatwa kwenye mgao wake.

Mtoto wa Tajiri wa Chombo
Naomba niseme kwa heshima, kwa sababu baba yangu alikuwa mwenye vyombo viwili na tumezoea kusikia kwamba matajiri hawana moyo. Kwetu mapato yalitolewa kwanza mafuta, barafu na chakula, halafu kilichobaki kikagawanywa kati ya chombo, nyavu na mabaharia. Chombo kilipozama hakuna aliyemlipa baba yangu hata shilingi moja, na nyavu zenyewe alikuwa amezikopa. Mama yangu naye alisimama ufukweni akiwasubiri watoto wa watu, akijua kwamba mama zao watakuja kumwuliza yeye.

Mkaanga Samaki
Hilo la mwisho nalikubali. Lakini nyavu huuliziwa baada ya arobaini, ndugu yangu, si siku ya tatu.

Mwana wa Kigombe
Mimi naona tunamsahau mwuaji mwingine. Baba yangu alikuwa mvuvi wa madema, mitego ya kusuka. Alikuwa akiyatega karibu, akirudi kabla ya adhuhuri, na mama hakuwa na sababu ya kusimama ufukweni. Walipokuja wapiga baruti, miamba ikavunjika na samaki wa karibu wakaisha, ndipo baba akalazimika kwenda mbali na ngarawa isiyofaa kwenda mbali. Baruti imekatazwa kisheria tangu 1970, nasi tumekua tukiisikia ikilia kama ngoma.

Mzawa wa Deep Sea
Kaka, neno "mwuaji" limenichoma. Kaka yangu mkubwa alipiga baruti, na mkono wake wa kulia ulikatika kwa chupa iliyolipuka kabla hajaitupa. Alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa akitulisha watu saba. Sisemi alifanya sawa. Nasema siku ile mama yangu pia alikuwa ufukweni, na alichokipokea kilifungwa kwenye shati.

Mwana wa Kigombe
Pole, na neno hilo nalirudisha. Ila njaa ilikuwa kwetu pia, na dema la baba halikumvunjia mtu mwamba wake.

Mwalo wa Ukerewe
Mimi ni wa Ziwa Victoria. Huko kwetu dagaa huvuliwa usiku wa giza, zamani kwa karabai na sasa kwa taa za sola, kwa hiyo mwezi ukiwaka baba anashinda nyumbani na mama anacheka. Hadi leo nikiuona mwezi mpevu napata utulivu ambao mume wangu, mtu wa bara, haelewi unatoka wapi. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati ya Ukara, wavuvi walitoka na mitumbwi yao kuokoa watu, na kaka yangu alikuwa miongoni mwao. Alirudi usiku akakaa nje hadi asubuhi, na tangu siku hiyo haendi ziwani bila jaketi la kuokolea. Wanunulieni wazee wenu majaketi.

Kijana wa Chwaka
Nilimnunulia mzee. Analiweka kichwani kama mto wa kulalia. Afadhali mkazanie vyombo viwili viandamane na visiachane.

Binti Kojani
Vyetu viliandamana. Upepo ndio uliovitenganisha.

Mkaanga Samaki
Kijana wa Chwaka, huyo mzee mwachisheni bahari, mpeni shamba la minazi.

Mtoto wa Tajiri wa Chombo
Tulimwachisha wetu. Kila alfajiri anaamka, anatembea hadi ufukweni, anakagua vyombo vya watu na kuwakosoa. Mwacheni mtu aende, lakini asiende na chombo kibovu wala asifiche anakokwenda.

Mtoto wa Kipumbwi
Nashukuru kwa yote. Dada wa Kojani, kama hutaona vibaya, watoto wa ami yako wako wapi sasa?

Binti Kojani
Sioni vibaya. Ami aliacha wawili. Binti ameolewa Wete. Kijana ni nahodha, na baba, ambaye sasa haoni vizuri, ndiye anayemshonea nyavu. Anaondoka kwenda dago Jumatatu pamoja na watu saba. Nimemtumia jaketi la nane baada ya kusoma alichoandika dada wa Ukerewe, kwa sababu aliniambia anayo saba, na nilipohesabu nikaona hakujihesabu yeye mwenyewe.