Fielder 1NZ inatoa P0171 na P0420 pamoja. Nibadilishe sensa zote mbili?

Mkaazi_wa_Tudor
Salaam aleikum ndugu zangu. Gari ni Fielder ya 1500, injini 1NZ-FE, kila siku Tudor hadi Likoni na kurudi, foleni ya feri ikiwemo. Taa ya injini imewaka, hii wiki ya pili. Skana yatoa kodi mbili, P0171 na P0420. Petroli inaliwa kuliko kawaida, na asubuhi injini ikiwa baridi hutetema kidogo kisha ikatulia. Fundi amesoma kodi tu akaandika orodha: sensa mbili za oksijeni na katalitiki mpya. Je, kodi hizi ndizo za sensa iliyokufa? Nipime nini kabla ya kutoa pesa? Nina multimita na skana ndogo ya blututhi inayosoma kwa simu.

Spana22
Waaleikum salaam. Usinunue kitu bado. P0420 ni ya katalitiki (ile inayosafisha moshi kwenye ekzosi), tutaifikia.

P0171 haisemi sensa ni mbovu. Yasema sensa ya mbele imeona oksijeni imebaki nyingi kwenye moshi, kompyuta ikaongeza petroli hadi ikafika kikomo chake, na bado oksijeni ni nyingi. Sensa hapo ni shahidi tu. Sensa yenyewe ikifa ina kodi zake: P0135 na P0141 ni za hita, P0133 ni ya sensa iliyozubaa, P0131 na P0132 ni za volti iliyoshuka au kupanda kupita kiasi. Kwako hakuna hata moja.

Jinsi inavyofanya kazi: ndani ya ile ncha mna kikombe cha kauri ya zirkonia. Nje yake chapita moshi, ndani yake mna hewa safi. Kauri ikishika moto wa kama nyuzi 300 na zaidi, tofauti ya oksijeni kati ya pande mbili huzaa umeme. Moshi ukiwa na oksijeni nyingi, yaani petroli ni kidogo, hutoa volti 0.1 hadi 0.2. Petroli ikizidi hutoa 0.8 hadi 0.9. Mpaka uko karibu na 0.45, pale petroli gramu 1 inapokutana na hewa gramu 14.7. Kompyuta hucheza huku na huku ya mpaka huo muda wote, ndiyo maana sensa nzima huonekana ikiruka chini na juu.

Sasa washa gari, ngoja joto la injini lipite 80, zima AC. Fungua safu za STFT na LTFT kwenye simu: ni asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza (+) au kupunguza (-), STFT ya papo hapo, LTFT ya muda mrefu. Andika namba bila kukanyaga mafuta, kisha shikilia mzunguko wa 2500 kwa dakika moja uandike tena. Tuletee hizo namba.

Mkaazi_wa_Tudor
Shukran. Bila kukanyaga: LTFT +21, STFT inacheza +2 hadi +5. Kwenye 2500: LTFT +7, STFT karibu 0.

Hawa_Multimita
Hizo namba zimeshasema. Kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma, yaani vakyumu inavuja baada ya sensa ya hewa ya pale kwenye eya klina.

Chukua mfano. Injini bila kukanyaga inavuta hewa gramu 2 kwa sekunde, na tundu linaingiza gramu 0.4 ambazo hazikuhesabiwa. Hiyo ni asilimia 20. Ukipanda hadi 2500 injini inavuta tuseme gramu 8, tundu ni lile lile, basi limekuwa asilimia 5. Ndiyo maana LTFT inashuka ukikanyaga. Ingekuwa kinyume, yaani namba inapanda kadiri unavyokanyaga na hasa gari ikipanda mlima wa Mazeras na mzigo, ningekwambia angalia sensa ya hewa iliyochafuka, filta ya petroli, au pampu. Presha ya petroli ya 1NZ ni kPa 304 hadi 343. Lakini kwako sianzi huko.

Anza na hozi ya PCV, ile ya mvuke wa oili inayotoka kwenye valvu iliyo juu ya kifuniko cha injini kwenda manifoldi ya hewa. Ikunje kwa vidole, hasa pale inapopinda na pale klipu inapoibana: ufa mara nyingi uko upande wa chini, ukiangalia kwa juu hozi ni nzima. Halafu hozi ya buusta ya breki, mpira mkubwa kati ya eya klina na throtoli, na mwisho gasketi ya manifoldi ya hewa. Kule kutetema asubuhi kunanifanya niiangalie hiyo gasketi: mpira ukikauka huvuja ukiwa baridi, ukipata joto hutanuka ukaziba.

Kupima: injini inanguruma, nyunyiza kidogo sana dawa ya kusafishia kabureta kwenye kiungo kimoja, ngoja sekunde tano, tazama STFT. Ukipiga pahali penye tundu, STFT itaanguka ghafla na mlio wa injini utabadilika. Dawa hiyo yashika moto: fanya injini ikiwa bado ya vuguvugu, usinyunyize upande wa ekzosi, na usifanye kama kuna waya ya koili iliyochubuka.

Kijana_wa_Mtwapa
Mnamchosha bure. Toa sensa, loweka kwenye petroli usiku kucha au ichome na gesi mpaka iwe nyekundu, rudisha. Ile ya nyuma iwekee adapta iiondoe kwenye moshi, taa inazima.

Hawa_Multimita
Yakhe, hapana. Petroli huondoa masizi ya juu tu, na masizi hayo sensa ingeyachoma yenyewe ikipelekwa mwendo wa barabara kuu. Kinachoua sensa ni kitu kilichoingia kwenye vitundu vya kauri: silikoni, majivu ya oili, maji ya rejeta. Hivyo havitoki kwa kulowekwa. Ukiichoma na gesi, upande mmoja unapata moto mwingine ukiwa baridi, kauri inapasuka ndani na kwa nje huoni kitu.

Na hiyo adapta ya nyuma kazi yake ni kudanganya kompyuta. Katalitiki ikiwa inayeyuka na kuziba, utajua siku gari imekataa kupanda.

Chumvi_na_Kutu
Niongeze la pwani yetu, maana hili mafundi wa bara hawalioni sana. Kabla ya kuilaumu sensa yoyote, fungua soketi yake. Hewa ya chumvi, maji ya mafuriko ya masika pale barabara zinapojaa, na mashine za presha za kaa woshi zinazopigwa kwenye injini, zote huishia kwenye pini. Ukiona unga wa kijani, hiyo ni shaba inaliwa. Nyunyiza dawa ya kusafishia umeme, sugua kwa mswaki mkavu, acha ikauke kabisa.

Na hapa pana kosa ambalo watu hulifanya kwa nia njema: kujaza grisi kwenye soketi ili maji yasiingie. Ile hewa safi aliyoitaja Spana22, iliyo ndani ya kikombe, kwa sensa nyingi hupitia ndani ya waya wenyewe, kati ya nyuzi za shaba na mpira wake. Ukiziba soketi kwa grisi, au ukiunga waya kwa risasi, sensa imekosa pumzi. Itasoma uongo na hutajua kwa nini. Ukilazimika kuunga, tumia viungo vya kubana, si risasi, na kiungo kikae mbali na ekzosi.

Kupima hita: chomoa soketi, injini ikiwa baridi. Waya mbili za rangi moja ndizo za hita. Kwenye Denso ni nyeusi mbili (buluu ni ishara, nyeupe ni ardhi ya sensa). Kwenye Bosch ni nyeupe mbili. Kwa Toyota, sensa ya kawaida ya oksijeni hita yake ni omu 11 hadi 16 ikiwa kwenye nyuzi 20. Ukipata mstari uliokatika, hita imekufa, na hapo ndipo P0135 (mbele) au P0141 (nyuma) huja. Kisha upande wa gari, swichi ikiwa ON, moja ya pini za hita lazima iwe na volti 12. Kama haina, angalia fyuzi kabla ya kununua sensa.

Spana22
Hapo kwenye omu pana jambo. Toyota nyingi za miaka ya karibuni mbele hazina sensa ya kawaida, zina ile ya A/F, ya kupima uwiano wa hewa na petroli. Ina waya 4 vilevile na inafanana kwa macho, lakini hita yake ni omu 1.8 hadi 3.4, na namba zake zinakwenda kinyume: mpaka ni volti 3.3, ikipanda juu petroli ni kidogo, ikishuka petroli imezidi. Haichezi juu na chini, inatulia. Mtu huiona imetulia akasema imekufa. Ukiweka sensa ya kawaida pale pa A/F, gari haitaenda sawa hata siku moja. Nunua kwa namba ya spea iliyoandikwa kwenye sensa yenyewe, usinunue kwa "hii ni ya Fielder".

Kama yako ya mbele ni ya kawaida, ipime hivi: injini moto, mzunguko 2500, hesabu. Ndani ya sekunde 10 inatakiwa ivuke mpaka mara 8 au zaidi. Ikifika 3 au 4, imezeeka. Sensa yenye hita huwa na umri wa kama kilomita 160,000. Zile za zamani zisizo na hita hufika 50,000 hadi 80,000 tu.

Wakati huohuo safisha sensa ya hewa, si kazi kubwa. Zima gari, chomoa soketi, fungua skrubu mbili, nyunyiza dawa maalumu ya sensa ya hewa mara 10 hivi kwenye uzi ule mwembamba. Usiuguse kwa kidole wala pamba. Dawa ya breki na ya kabureta si zake. Ikauke dakika 15 kabla ya kurudisha. Na kama eya klina yako ni ile ya kupaka oili, ipake kidogo: oili ndiyo inayopikwa kwenye uzi huo.

Mkaazi_wa_Tudor
Na P0420? Katalitiki niiweke kwenye bajeti?

Hawa_Multimita
Iache kwanza. Gari ikiwa imekwenda muda mrefu petroli imekosewa kipimo, hukumu ya katalitiki haina uzito. Funga tundu la hewa, futa kodi zote, kisha uangalie kama P0420 itarudi peke yake.

Sensa ya nyuma kazi yake ni kuipima katalitiki. Katalitiki nzima inahifadhi oksijeni, kwa hiyo nyuma volti inatulia, mara nyingi 0.6 hadi 0.7. Katalitiki ikifa, ya nyuma huanza kuruka sawa na ya mbele. Lakini kabla ya hapo sikiliza ekzosi asubuhi ikiwa baridi, kati ya sensa mbili hizo. Gasketi iliyoungua au bomba lililotoboka kwa kutu huvuta hewa ya nje kati ya mapigo ya moshi, na sensa ya nyuma ikaona oksijeni isiyotoka kwenye injini. Ukiona masizi meusi yamechora mstari kwenye kiungo, hapo ndipo.

Na taa ikianza kupepesa badala ya kuwaka tu, punguza mwendo, paki. Injini inamisi vibaya, petroli mbichi inakwenda kuungulia ndani ya katalitiki. Hiyo ni plagi au koili, na ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuiua.

Dereva_wa_Kongowea
Samahani kuingilia. Hiace ya dizeli je, sensa ni hizo hizo?

Chumvi_na_Kutu
Dizeli ni habari nyingine, fungua uzi wake. Kwa kifupi: kama ina filta ya masizi, angalia vile vimpira viwili vya sensa ya presha ya filta. Vikiziba au kupasuka, kompyuta inadhani filta imejaa.

Mkaazi_wa_Tudor
Nimekipata. Hozi ya PCV imepasuka chini, pale pale kwenye kona. Nimeweka mpya, nimesafisha sensa ya hewa, nimefuta kodi. LTFT sasa +3 bila kukanyaga, +2 kwenye 2500. Sensa ya nyuma imetulia 0.68. Nimeipeleka Dongo Kundu kwa mwendo wa 80 usiobadilika, taa haijarudi. Sensa za mbele na nyuma nizitoe nizikague?

Spana22
Usizitoe. Kuzitoa bila sababu ni kuomba meno yakatike. Siku ikibidi: injini ya vuguvugu, si ya moto, mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia, boksi spana namba 22 yenye mfereji wa waya. Meno ni M18 kwa 1.5. Grisi ya shaba kwenye meno tu, isiguse ncha, kisha kaza Nm 44. Ukiitoa soma rangi yake: masizi meusi makavu ni petroli nyingi, unga mweupe unaong'aa ni gundi ya silikoni, weupe wa magamba ni maji ya rejeta, kahawia yenye ukoko ni oili. Rangi isipotafutiwa chanzo, sensa mpya itavaa hiyo hiyo.

Hawa_Multimita
Na hiyo hozi uliyoweka, imeandikwa nini ubavuni? Ya PCV yapitisha mvuke wa oili. Ikiwa ni ya maji ya hita, itavimba na kulainika, kisha vakyumu itaifyonza ijifunge.

Mkaazi_wa_Tudor
Nimeenda kuangalia. Ni ya maji. Kesho naingia Mwembe Tayari kutafuta ya oili.