Mashine ndogo ya akiba kwa boti ya faiba futi 23: HP ngapi na naifunga wapi?

Mpwani_Kilindoni:
Wakuu habari zenu. Nina boti ya faiba futi 23, nabeba wageni wanaokuja Mafia kuangalia papa potwe, mashine ni HP 40 tustroku (ile ya petroli iliyochanganywa na oili). Juzi ikazima tukiwa nje, mkondo unatupeleka tu, wageni wakaanza kunong'onezana kwa lugha yao mpaka jamaa wa boti nyingine akaja kutuvuta. Oktoba msimu unaanza na sitaki tena kubahatisha, nataka mashine ndogo ya akiba. Kuna mtu anauza 5 HP shafti fupi (mguu wa mashine ni mfupi), bei poa kweli, mwingine ana 15 ya fostroku. Nichukue ipi? Na naifungaje maana katikati pana ile 40? Nahodha wangu anasema bana tu pembeni na skrubu zake za mkono inatosha.

fundi_tezi:
Kabla ya yote, ile 40 ilizimwa na nini?

Mpwani_Kilindoni:
Fundi alikuta maji kwenye kabureta, petroli ilikuwa chafu.

fundi_tezi:
Basi hapo ndo pa kuanzia mkuu. Ukichomeka mashine ndogo kwenye tenki lile lile la 40, siku petroli ikiwa na maji zinazima zote mbili, umebeba kilo za bure. Ndogo iwe na tenki lake, hozi yake na filta yake, hata galoni la lita 10 linatosha kukurudisha. Na iwe ya kuvuta kamba, isitegemee betri.

Hiyo 5 shafti fupi achana nayo, bei poa isikudanganye. Chukua futi kamba upime kuanzia juu ya ubao wa tezi, yaani ubao wa nyuma inapofungwa mashine, mpaka chini kabisa ya boti: sm 38 ni fupi, sm 51 ni ndefu. Yako lazima itataka ndefu, na kwa vile itakaa pembeni, boti ikilala upande wa pili propela inatoka majini inabaki kupiga hewa, kwa hiyo hata ile ndefu zaidi ya sm 64 siyo ujinga. Lile bapa lililo juu ya propela likae chini ya faiba kama sm 2 au 3.

Babu_Dau:
Mimi nasema 8 tustroku. Hutafuti mbio mwanangu, unatafuta pua ya boti ikae kwenye upepo na mrudi taratibu, mwendo wa noti 4 au 5 (maili za baharini kwa saa) basi. Hata ukiweka 15, ile 40 ikiwa imekufa na wageni wamejaa humo ndani boti hainyanyuki, inalima maji tu.

Kasa_72:
Babu nakuheshimu ila upepo wa kusi la Julai na bamvua (maji makubwa yenye mkondo mkali) juu yake, 8 itakuwa inasimama palepale. Mi ningechukua 15, ila tustroku, fostroku inagonga karibu kilo 50 na tena haitaki petroli yenye oili, siku ya shida mtu atachanganya madumu. Mkiwa na tustroku mbili mchanganyiko ni mmoja, lita 20 kwa mililita 400 za oili, ila soma kwanza kitabu cha mashine yako. Tafuta na propela ya pichi ndogo, yaani inayosogeza boti kidogo kwa kila mzunguko, ile ya kukimbiza kidingi (kiboti chepesi) haisukumi boti nzito.

fundi_tezi:
Nakubaliana na Kasa. Kufunga sasa: nunua braketi ya kupanda na kushuka, ifunge kwa bolti za stenlesi zinazotokea ndani, na huko ndani weka kibao au bati nene nyuma ya nati. Matundu yajaze gundi ya boti vizuri, maana ndani ya tezi kuna mbao, maji yakiingia inaoza kimyakimya. Kabla hujatoboa zungusha 40 mpaka mwisho kushoto na kulia uone haigongi. Skrubu za mkono zinalegea kwa mtetemo, weka na cheni.

Babu_Dau:
Na nanga yenye kamba ya kutosha unayo? Maana juzi mlikuwa mnapelekwa na mkondo na sijasikia mtu akitaja nanga.

Mpwani_Kilindoni:
Ipo babu, kamba ndo fupi 😅 Nimewaelewa, natafuta 15 tustroku shafti ndefu. Swali la mwisho, niwe naiwasha kila safari?

Kasa_72:
Si lazima kila safari ila kila wiki iwashe, ipeleke boti kidogo, halafu chomoa hozi ya petroli uiache imalize ile ya kwenye kabureta mpaka izime yenyewe. Ukirudi isukutue kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Kamba ongeza leo.