Mchezaji bora wa mwaka: wapige kura mashabiki au wachezaji wenyewe?

MshikaBendera
Wakuu, heshima kwenu. Klabu yetu ndogo inaanzisha tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, na mimi nimo kwenye kamati. Tumegawanyika. Wengine wanataka mashabiki wapige kura, wengine wanataka wachezaji wachaguane wao kwa wao. Mfano ninaoufuatilia ni Manchester United, kwa sababu wana zote mbili. Tuzo ya Sir Matt Busby ni ya kura ya mashabiki, na ilianza msimu wa 1987–88 kwa Brian McClair. Ile ya wachezaji ilianza 2005–06, na mwaka huohuo wa kwanza kura zilipishana: mashabiki walimchagua Wayne Rooney, wenzake wakamchagua Ryan Giggs. Sasa sisi tuna pesa ya kikombe kimoja tu. Kitolewe kwa kura ya nani?

Namba6
Wachezaji, mkuu. Tazama 2012–13. Robin van Persie alifunga mabao 26 ya ligi na kuwa mfungaji bora. Aprili 2013 aliifunga Aston Villa mabao matatu peke yake, yote kipindi cha kwanza, na ubingwa wa 20 ukapatikana usiku ule. Mashabiki wakampa tuzo, na ni haki yake. Lakini wachezaji walimpa Michael Carrick!

Nimecheza kiungo mkabaji miaka mingi, kwa hiyo hili linanigusa. Carrick alikuwa anaupokea mpira kwa mabeki huku adui yuko mgongoni, anageuka, anatoa pasi moja inayovuka mstari mzima wa viungo. Aliyeko jukwaani anaanza kushangilia pasi mbili baadaye. Beki aliyempa mpira ule anajua ametolewa kwenye shida gani. Na winga aliyepanda akasahau kurudi anajua ni nani aliyeziba pengo lake.

DadaWaJukwaani
Kaka Namba6, hapo kwa Carrick nakubali, ila usituhukumu mashabiki wote kwa msimu mmoja. Msimu wa 1998–99, ule wa makombe matatu, Dwight Yorke alikuwa miongoni mwa vinara wa mabao wa ligi. Mashabiki walimchagua nani? Roy Keane, kiungo, tena ambaye hakucheza fainali ya Ulaya kwa sababu ya kadi. David de Gea naye, kipa, alipewa tuzo ya mashabiki misimu mitatu mfululizo kuanzia 2013–14, akarudia 2017–18.

Nenda Chelsea pia. Msimu wa 2017–18 mashabiki walimchagua N'Golo Kanté, mkabaji kama wewe, na wachezaji wakamchagua Willian, winga. Anayekaa jukwaani kila wiki, mvua na jua, anaona mengi kuliko mnavyomdhania.

BekiKushoto
Mimi naona shida ya mashabiki si macho, ni kumbukumbu. Yaliyotokea karibuni yanafuta ya mwanzo wa msimu. 2019–20 Bruno Fernandes alitua mwishoni mwa Januari, na bado akachukua ya mashabiki. Wachezaji walimpa Anthony Martial, aliyekuwepo tangu Agosti na kumaliza na mabao 23 katika mashindano yote. Tuzo ni ya msimu. Anayekuja dirisha dogo la usajili, lile la Januari, asubiri mwaka unaofuata.

DadaWaJukwaani
Bruno alicheza mechi 14 za ligi, akafunga mabao 8, na timu haikupoteza hata moja kati ya hizo. Ilikuwa ya tano, ikamaliza ya tatu. Kura ile haikutoka kwenye usahaulifu. Watu walimpa aliyeugeuza msimu. Lakini naafiki kwamba kanuni iandikwe kabla ya kura, idadi ya chini ya mechi ijulikane, mtu asije akanung'unika baadaye.

KipaMkongwe
Nawasikiliza wote, ila MshikaBendera hana Old Trafford, uwanja wa Manchester United, ana klabu ndogo. Niliwahi kuwa kwenye kikosi cha watu ishirini na kitu tukapiga kura ya mchezaji bora kwa kunyoosha mikono, nahodha akiwa amesimama mbele yetu. Unadhani nani alishinda? Kijana aliyestahili aliondoka mwisho wa msimu ule, na mpaka leo naumia kwamba mkono wangu sikuunyoosha kwake. Kikosi kidogo kina makundi: wanaosafiri pamoja, waliokua pamoja, wanaogombea nafasi ileile uwanjani. Mkichagua njia ya wachezaji, iwe kwa karatasi, kwa siri, mtu asijipigie mwenyewe, na ahesabu mtu asiyecheza.

Namba6
Mzee umesema. Naongeza: kila mmoja aandike majina matatu kwa mpangilio, la kwanza pointi 3, la pili 2, la tatu 1. Ukiwa na jina moja tu, kila mtu anamwandika rafiki yake. Ukiwa na matatu, jina la yule anayefanya kazi kimyakimya linatokea kwenye karatasi nyingi.

BekiKushoto
Hiyo ya majina matatu naiunga mkono kabisa.

MshikaBendera
Asanteni sana, wakuu. Nilikuja nikiegemea mashabiki, na maelezo ya dada yalizidi kunivuta huko. Kilichonigeuza ni hesabu yetu: mechi za ugenini mashabiki wetu hawasafiri, kwa hiyo wangepigia kura nusu ya msimu. Kamati inakutana Jumamosi. Napeleka hivi: kikombe kwa kura ya siri ya wachezaji, majina matatu, mshindi awe amecheza angalau nusu ya mechi. Mashabiki wachague wao mshindi wa jezi yenye saini za kikosi kizima, na wamkabidhi wenyewe uwanjani mechi ya mwisho. KipaMkongwe, kama una nafasi, nakuomba uje utuhesabie karatasi.

KipaMkongwe
Nitakuja.