Nailoni juu ya wali: ikatazwe au tuiache?

Mwanzisha mada: Wadau, tulijadili hili bila kuoneana haya. Mama lishe wengi, maji ya wali yakikaribia kukauka, hutandaza mfuko wa nailoni juu ya mchele, wakafunika na kupalia makaa juu. Ukifunuliwa, mfuko umesinyaa na kulalia wali. Maji huchemka kwa nyuzi 100. Polithini laini, plastiki ya mifuko hiyo, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 105 hadi 115 hivi. Ufuniko wenye makaa juu yake unapita hapo bila shida. Nasema ikatazwe, na bwana afya anayekagua vibanda afunue na masufuria.

Mpishi wa Tandale: Napika, kwa hiyo najibu. Sufuria zetu zimepinda midomo, mvuke wote unatoka na wali wa juu unabaki na kiini. Mteja akikuta kiini harudi. Halafu mbona mimi tu? Chipsi za moto zinatiwa kwenye mfuko huohuo, uji pia. Tuliambiwa mwisho wa mifuko ya plastiki hapa Tanzania ni Juni 1, 2019, lakini vile vyeupe vinavyoitwa vifungashio bado vipo sokoni. Na sijamwona mteja aliyeugua kwa wali wangu.

Mwanzisha mada: Dada, la kiini nakuelewa, na la chipsi umenishinda, liingie kwenye katazo hilohilo. Ila haya si madhara ya kuharisha jioni ukajua chanzo. Polithini safi iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula haina makali sana, hilo nalikubali. Shaka yangu ni mfuko wa sokoni: rangi gani imetiwa, wino gani, umeyeyushwa kutoka taka zipi? Kuna plastiki nyingine, PVC, hulainishwa kwa kemikali ziitwazo thaleti, na baadhi yake huvuruga homoni. Umoja wa Ulaya umezibana kwenye vitu vya kuchezea watoto. Wewe jikoni huwezi kuitambua kwa kuishika, wala mimi. Joto na mafuta ndiyo yanayozitoa kemikali hizo kwa urahisi, na wali wa nazi una vyote viwili.

Mkazi wa Mbagala: Mmesahau mfuko unakoishia. Kesho yake ndio wa kuwashia mkaa! Moshi ule mweusi unaingia chumbani, mtoto yuko mgongoni. PVC ikichanganyika humo inatoa gesi ya asidi inayochoma koo, pamoja na sumu ziitwazo dioksini, ambazo huchangia saratani. Kwangu hilo linatisha kuliko wali.

Mpishi wa Tandale: La moshi sibishi, hata mimi unanikaba. Bibi yangu alifunikia jani la mgomba na wali ulikuwa unaiva vizuri. Hapa mjini jani nalinunua. Kama halmashauri inachukua ushuru wangu kila siku, itusimamie tupate majani sokoni kwa bei ya kueleweka, au vifuniko vinavyobana. Mkikataza bila hilo, nitafunika kwa nailoni nikiwa nimejificha.