SageMath ndani ya Windows: VirtualBox inaonyesha Linux za biti 32 pekee

Mwalimu_Ujiji
Habari zenu ndugu. Niko Ujiji, Kigoma, ninafundisha hisabati huku nikiandika tasnifu ya uzamili kuhusu nadharia ya namba. Msimamizi wangu hunitumia mafaili ya SageMath, programu ya hisabati ambayo makao yake hasa ni mfumo wa Linux, lakini laptopu yangu ina Windows 10 na RAM ya GB 4, na kwa kuwa nyumbani tunaitumia watu wengi siwezi kuifuta Windows. Nimeweka VirtualBox, programu ya kuendesha mfumo mwingine ndani ya Windows, ila ninapotaka kuunda mashine pepe (yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya laptopu) naona Linux za biti 32 tu, ilhali faili la Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, nililonakili kwa flashi kutoka kwa rafiki ni la biti 64. Je, laptopu imezeeka?

Fundi_Mwanga
Mwalimu, dalili hiyo mara nyingi haitokani na uzee. Fungua Task Manager, uingie sehemu ya Performance, usome mstari wa Virtualization. Ukikuta umezimwa, washa laptopu upya, ingia BIOS (mipangilio inayofunguliwa kabla ya Windows kuanza), uwashe uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe: VT-x ikiwa prosesa ni ya Intel, au SVM ikiwa ni ya AMD. Ukikuta tayari umewashwa, shuku Hyper-V, programu ya mashine pepe ya Windows yenyewe, ambayo huwahi kuushika uwezo huo kabla ya VirtualBox. Kisha usiipe mashine pepe RAM zaidi ya GB 2, kwa sababu Windows nayo inakula humo humo. Afadhali utumie Lubuntu, ndugu ya Ubuntu iliyo nyepesi.

Namba_Tasa
Kwa RAM hiyo, mimi nisingehangaika na mashine pepe. SageMath yenyewe, iliyoanzishwa na William Stein mwaka 2005, hukabidhi sehemu kubwa ya hesabu za nadharia ya namba kwa programu iitwayo PARI, na PARI/GP, yaani PARI ya kutumia peke yake, inapatikana kwa Windows moja kwa moja, tena ni ndogo kiasi kwamba bando halitalia.

Mwalimu_Ujiji
Nashukuru sana. VT-x ilikuwa imezimwa; nimeiwasha, na biti 64 zimetokea. PARI/GP nimeipenda kwa hesabu za haraka, lakini haifungui mafaili ya msimamizi, kwa hiyo Lubuntu nimeiweka pia, na SageMath inafanya kazi, ingawa inachukua muda kuamka. Swali lililobaki ni la umeme: betri yangu imechoka, na hesabu nyingine huchukua saa nzima.

Fundi_Mwanga
Unapoona betri inaelekea kuisha, funga dirisha la mashine pepe na uchague kuhifadhi hali yake, badala ya kuizima; ukiifungua tena, hesabu itaendelea pale ilipoishia. Umeme ukikatika ghafla hiyo haitakusaidia, kwa hiyo hesabu ndefu igawe vipande, na kila kipande kiandike jibu lake kwenye faili kabla ya kinachofuata kuanza.