Tangi la sentimita 60 linatosha samaki wa dhahabu watatu?

Ukingo60 (swali):
Habari zenu wakuu. Nina tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 36. Nataka kuweka fanteli wawili (samaki wa dhahabu wanene wenye mkia pacha) na kometi mmoja (mwembamba mwenye mkia mmoja mrefu), kila mmoja kwa sasa ana sentimita 4 hadi 5. Kuna kanuni inayosema lita 4 kwa kila sentimita 2.5 za samaki, na kwa hesabu hiyo nafasi inabaki tele. Je, ni sahihi? Na filta ya lita 300 kwa saa itatosha?

KiooNaChangarawe:
Hapana mkuu, halitoshi, na kometi hafai kuwemo kabisa.

Anza na maji halisi. 60 × 30 × 36 gawa kwa 1,000 ni lita 64.8. Lakini tangi halijazwi hadi ukingoni: ukiacha sentimita 4 juu zinabaki lita 57.6, na changarawe, mawe na filta vinachukua lita tano hivi. Kwa hiyo samaki wako wataishi kwenye lita 52.

Kanuni uliyoitaja inapotosha kwa sababu inapima urefu, wakati uchafu unategemea mwili. Samaki akirefuka mara mbili bila kubadilika umbo, uzito wake huongezeka karibu mara nane, na chakula na kinyesi hupanda pamoja nao. Fanteli akitunzwa vizuri hufika sentimita 15 hadi 20. Kometi hufika 25 hadi 30, na ni muogeleaji wa kasi anayetaka masafa. Pima kwa ukubwa watakaofikia, maana hawa huishi miaka 10, hata 20.

Kwa wenye mkia pacha (fanteli, oranda, ranchu) mimi hutumia lita 75 za maji halisi kwa samaki wa kwanza na 40 kwa kila anayeongezeka. Fanteli wawili ni lita 115, watatu ni 155. Tangi la 90 × 45 × 45 lina lita 182 likijaa, na ukitoa nafasi ya juu na changarawe unabaki na takriban 155. Hilo ndilo ningekushauri ununue, kisha badala ya kometi uweke fanteli wa tatu. Kometi anahitaji bwawa, au tangi lisilopungua sentimita 120 kwa urefu, akiwa na wenzake wa aina yake. Ukimchanganya na fanteli atawahi chakula kila siku, nao watabaki na makombo.

Usisikilize wanaosema samaki hukua kulingana na tangi. Anayedumaa kwenye maji machache na machafu ni samaki anayeumia, na mara nyingi hufa mapema.

MkiaPacha:
Naunga mkono, ila tazama pia eneo la uso wa maji, kwa sababu oksijeni huingilia hapo. Tangi lako lina sentimita za mraba 1,800. La 90 × 45 lina 4,050. Ndiyo maana tangi refu kwenda juu, na lile bakuli la mviringo, hudanganya macho: lita zipo, uso haupo. Hali huwa mbaya zaidi joto likipanda. Maji ya nyuzi 20 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba 7.5. Fanteli hustawi kwenye nyuzi 18 hadi 23.

Filta ya lita 300 ni ndogo. Kwa lita 155 tafuta ya 1,000 hadi 1,200 kwa saa, kwani namba ya kwenye boksi hushuka sponji ikishika uchafu. Fanteli hawawezi mkondo mkali, hivyo rudisha maji kupitia bomba lenye matundu mengi, au gawa kazi kwa filta mbili. Sponji isuuze kwenye maji uliyotoa tangini. Klorini ya maji ya bomba huua bakteria wa filta wanaokula amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki.

Ukingo60:
Asanteni. Kwa kuwa bado ni wadogo, siwezi kuwaanzishia humu kwa miezi michache?

KiooNaChangarawe:
Unaweza, ila kazi itaongezeka. Amonia itakayopandisha kipimo kwa miligramu 0.5 kwa lita kwenye tangi la lita 155, kwenye lita 52 itakipandisha kwa 1.5. Kosa dogo la kulisha linakuwa hatari ndani ya siku moja.

Njia iliyo bora ni kukomaza tangi kubwa, yaani kulea hao bakteria, kabla ya kununua samaki. Washa filta, weka dawa ya kuondoa klorini, tia amonia ya chupa isiyo na sabuni wala manukato hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, na uirudishe hapo kila inapoisha. Mara nyingi huchukua wiki 4 hadi 6. Limekomaa pale miligramu 2 zinapoisha ndani ya saa 24, na nitriti (sumu ya pili, ambayo bakteria huitengeneza kutokana na amonia) nayo ikisoma sifuri. Badilisha maji mengi kupunguza nitrati, ambayo nitriti huishia kuwa, ndipo uwaweke.

Kama samaki umeshawanunua, pima amonia na nitriti kila siku, na kimojawapo kikifika 0.5 badilisha nusu ya maji papo hapo. Hata tangi likishakomaa, badilisha asilimia 30 hadi 50 kila wiki, nitrati isipite 40. Kuyaacha maji kwenye ndoo usiku kucha hakuondoi kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia). Dawa ni lazima.

FremuImara:
Nyongeza kuhusu uzito. Tangi la 90 × 45 × 45 la kioo cha milimita 8, likiwa na maji na changarawe, linazidi kilo 200. Usiliweke kwenye meza ya kawaida. Liweke kwenye stendi yenye miguu inayobeba pembe zote nne, na kama kitako ni kioo kitupu tandika tabaka jembamba la povu gumu chini yake. Weka pimamaji kwa urefu na kwa upana kabla ya kujaza. Stendi ikiinama upande mmoja, viungo vya silikoni hulemewa na baadaye kuvuja. Jaza robo kwanza, pima tena, ndipo uendelee.