Mafundi mtandao wa hapa Mbeya, tiketi yangu si kijiwe chenu cha utani

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari za jioni.

Nimekaa na hili jambo siku nne. Nimeandika nikafuta, nikaandika tena. Leo sifuti. Kama kuna fundi mtandao humu, soma hadi mwisho, kisha wapelekee wenzako kwenye kile kikundi chenu cha WhatsApp, maana najua mtacheka tu.

Nina steshenari Mwanjelwa. Kopi, kuprinti, kujazia watu fomu za mtandaoni. Mwezi huu wa Julai baridi yetu mnaijua, saa moja asubuhi mtu akiongea mdomo unatoa moshi, na mimi nje nina foleni ya watoto waliomaliza kidato cha sita wanataka kuomba mkopo wa chuo. Wengine wametoka Chunya. Mmoja katoka Kyela na baba yake, mzee kashika bahasha ya vyeti kwa mikono miwili kama kabeba mayai. Nawasha kompyuta, intaneti hamna. Kwenye kile kiboksi cha faiba ukutani, taa iliyoandikwa LOS inapepesa nyekundu.

Napiga huduma kwa wateja. "Mama, zima uwashe." Nimezima, nimewasha. "Zima tena, hesabu hadi thelathini ndipo uwashe." Nikahesabu, na yule mzee wa Kyela akawa ananisaidia kuhesabu. Bado nyekundu. Nikaipiga picha ile taa nikawatumia. Nasema tena, PICHA NILITUMA, hadi herufi za LOS zinasomeka.

Saa nane mchana inaingia meseji: tiketi yako (ndiyo ile taarifa ya tatizo wanayoifungulia namba ukipiga simu) imefungwa, chanzo ni L8. Imefungwa, na intaneti hamna! Napiga tena, anapokea kijana mwingine. Namuuliza, mwanangu, hiyo L8 ndiyo nini? Nasikia anajibana asicheke. "Ni ile ya nane, mama." Ya nane? "Eeh, ya nane." Nyuma yake mwenzake akaangua kicheko hadi kikanifikia sikioni.

Sasa mimi ni mtu wa Mbeya. Ukiniambia nane mara mbili, kichwa changu kinaenda wapi? Nane Nane! Nikajua waya umekatika kule viwanjani Uyole. Na ilinikaa vizuri kabisa, kwa sababu ile barabara kuu ilikuwa inapanuliwa kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, basi nikasema hapa katapila limepita na waya wetu. Nikawatangazia wateja: tatizo liko Nane Nane, wanalishughulikia. Wakanielewa. Baadhi wakaenda kulala kwa ndugu zao wasubiri.

Kesho yake kimya. Nikakodi bajaji hadi Nane Nane. Wakuu, nilimsimamisha dereva wa katapila. Mimi, mama wa watu wazima, na kitenge changu na koti la baridi, namuuliza, "Baba, ni wewe umekata intaneti?" Akazima mashine ili anisikie vizuri. Akaniambia yeye anasogeza kifusi tu, hajaona waya wowote. Nikamwomba radhi nikarudi.

Siku ya tatu ndipo alipokuja fundi mwenye ngazi. Huyo simlaumu, kijana mstaarabu, alisalimia kabla ya kugusa kitu. Alitazama taa, akatoka nje, akatazama juu. Jirani yangu alikuwa amebadilisha bango la fremu yake, na mtu wa bango kalifungia kwa waya wa binding juu ya kebo yangu, akaukaza hadi kebo ikakunjika kama kiwiko. Faiba ni uzi wa kioo. Ukiukunja kupita kiasi, mwanga unavujia pale pale na haufiki mwisho. Akakata ule waya, akainyoosha, akasafisha kichwa cha kebo. Dakika kumi. Taa kijani.

Nikampa chai. Nikamuuliza kuhusu Nane Nane. Hakujua naongelea nini, hadi kijana wangu wa kaunta alipomwonyesha ile meseji. Wakatazamana. Kijana wangu, ambaye namlipa mimi, akacheka kwanza ndipo akanieleza.

Ni hivi, kwa msiojua. Mafundi wanafundishwa mtandao kwa tabaka saba, wenyewe wanaziita leya. Ni mpango uliotolewa na shirika la viwango la kimataifa, ISO, mwaka 1984. La kwanza ni vitu vya kushika: waya, mwanga, plagi. Unapanda hivyo hivyo hadi la saba, ambako ndiko programu unazotumia zinakozungumza na mtandao. La nane halipo. La nane ni wewe uliyekaa kwenye kiti. Wakiandika "tatizo la leya ya nane" wanamaanisha mashine ni nzima, mbovu ni mtumiaji.

Yaani waliniandika mimi. Kwenye kumbukumbu ya kampuni, penye nafasi ya chanzo cha hitilafu, nimeandikwa MIMI.

Usiku huo sikulala, nikashika simu nikasoma utani wenu wote ili nijue nilikuwa nachekwa kwa lugha gani. Na nitasema ukweli, maana hasira haizuii macho: mnao utani mzuri. Kuna zile hati za RFC ambazo ndizo zinaweka kanuni za intaneti, na karibu kila tarehe 1 Aprili hutolewa moja ya mzaha, imeandikwa kwa lugha kavu ile ile ya kiofisi. Ya kwanza ni ya 1978, kuhusu kuongeza uwezo wa mtandao kupoteza data ovyo ovyo. Hiyo huku kwetu tunayo tayari. Ya 1998 ni ya kuendeshea mtungi wa kahawa kwa intaneti. Ukiiagiza birika ikupikie kahawa inakujibu kosa namba 418, kwamba yenyewe ni birika la chai. Ya 2003, ya bwana Steve Bellovin, inataka kila pakiti, yaani kifurushi cha data kinachosafiri mtandaoni, yenye nia mbaya ijitaje yenyewe kwa alama maalumu. Hapo nilicheka peke yangu kitandani, kama vile kibaka wa stendi avae kitambulisho shingoni.

Lakini ya njiwa ndiyo iliyonimaliza. Mwaka 1990 David Waitzman aliandika kanuni za kusafirisha pakiti za intaneti kwa njiwa: karatasi inaviringishwa mguuni, ndege anaruka. Mzaha mtupu. Basi Aprili 2001 watu wa kikundi cha Linux kule Bergen, Norwei, wakaufanya kweli. Walituma pingi 9, yaani pakiti za kuuliza tu "upo?", majibu yakarudi 4, na la haraka lilichukua zaidi ya dakika hamsini. Asilimia 55 ya pakiti zilipotea angani, na dunia nzima ya mafundi inacheka hadi leo. Mimi kwa siku tatu nilipoteza asilimia 100, na silipii njiwa, nalipia faiba! Afrika Kusini nako mwaka 2009 njiwa aliyeitwa Winston alibeba gigabaiti 4 kutoka Howick hadi Durban, kilomita kama 80. Hadi data ya njiwa inamalizika kuingizwa kwenye kompyuta, laini ya intaneti ilikuwa imefikisha asilimia 4. Mzee wa Kyela ningemfungia vyeti vya mwanawe kwenye mguu wa ndege tukamaliza kazi.

Mmeona tofauti? Huko anayechekwa ni njiwa, birika, na mafundi wenyewe. Hata ule wa katapila niliusoma, kwamba ukipotea porini fukia kipande cha faiba, katapila litatokea tu lije likikate, umwombe dereva lifti. Nilipousoma nikamkumbuka yule baba wa Uyole, uso ukaniwaka moto. Mimi niliuishi huo utani bila kuambiwa kwamba ni utani.

Halafu mnajisifu kwamba wateja hatuelewi. TCP na UDP, zile njia mbili za kutuma data mtandaoni, nimezielewa kabla chai haijapoa. TCP ni salamu za kwetu: unamwambia mtu wa Tukuyu "ugonile", hamwendelei na lolote mpaka aitikie na wewe uitikie kwamba ameitikia, na neno likipotea linarudiwa. UDP ni mpiga debe wa Kabwe anayeita "Mbalizi Mbalizi", ukisikia sawa, usiposikia shauri yako. Huduma yenu kwa wateja ni UDP. Huo utani nimeutunga mwenyewe, uchukueni bure.

Kinachonichoma kuliko kicheko ni hiki: mmekosea kwa elimu yenu wenyewe. Taa ya LOS ikipepesa nyekundu maana yake kiboksi hakioni mwanga. Hiyo ni leya ya kwanza, ya chini kabisa, wala haihitaji digrii. Kijana wangu anasema chuoni waliambiwa anza chini, panda juu. Nyie mmeruka zote saba, mkatua kwangu, mkafunga tiketi mkaenda kula. Na kwa kuwa imefungwa, hakuna aliyetumwa hadi siku ya tatu. Siku mbili zile hazikuwa za foleni ya kazi, zilikuwa za utani. Nilinunua bando za simu kurusha fomu moja moja, watoto saba nikawaelekeza kwa jirani, yule yule wa bango!

NYONGEZA, saa tatu usiku: Mnaouliza ni kampuni gani, siitaji, wenyewe wameshajijua. Mkuu uliyesema nina hasira za bure kwa sababu L8 ni msamiati wa kawaida wa kazi, sawa, kwenye kijiwe chenu semeni mtakavyo, hata huku steshenari tuna majina ya wateja ambayo siwezi kuyaandika hapa. Ila hatuyaandiki kwenye risiti.

Na wewe uliyeniambia "mama pole, zima hasira uwashe", nimekuona.

NYONGEZA ya pili: Mtoto wa Kyela fomu yake imeingia, asanteni mliouliza. Baba yake amepiga simu kushukuru, akauliza pia kama kule Nane Nane wameshatengeneza. Nimemwambia ndiyo.

Nilichodai ni kitu kimoja, waifungue ile tiketi waandike chanzo halisi: kebo ilikunjwa na waya wa bango. Nimepiga mara mbili, naambiwa tiketi iliyofungwa haihaririki. Jioni hii badala yake wamenitumia meseji ya kunitaka nipime huduma yao, nijibu kwa namba kuanzia 1 hadi 5. Nimejibu 8. Mfumo umenirudishia kwamba jibu langu si sahihi, nijaribu tena.